Kishindo, na Pumzi Aliyofundishwa na Mjomba

Marehemu tunayemzika leo, ambaye wengi mlimjua kwa jina lake la ulingoni, Kishindo, alizaliwa Jumanne tarehe 17 Machi 1987, alfajiri, akiwa amekunja ngumi zote mbili. Mjomba wake anayewasomea wasifu huu alikuwa mlangoni, na mkunga aliyebishia hilo ni mwongo.

Alianza shule mwaka 1994, akafika kidato cha pili. Hapo kiranja alimwita "Kikohozi", akapoteza meno mawili ya mbele, na Kishindo akafukuzwa siku ile ile. Mjomba, ambaye mwenyewe aliishia darasa la saba na bado anawashinda wengi wenu kwa akili, alimchukua kwenye ukumbi wake wa mazoezi nyuma ya gereji. Akamfundisha kwamba kila ngumi itoke na pumzi puani: fss!

Kuanzia mwaka 2006 alipigana mapambano ishirini na mawili, akashinda kumi na saba. Katika pambano moja alipasuliwa nyusi raundi ya kwanza. Alipigana na jicho moja, damu ikimtiririka hadi viatuni, na raundi ya tano akamvunja mwenzake taya. Kesho yake alimpelekea uji hospitalini, akamnywesha kwa mrija.

Tarehe 12 Desemba 2010 aliolewa na fundi redio, mtu mpole asiyeua hata mende. Shemeji mmoja alisema mezani kwamba mke mpiga ngumi ni balaa. Alizinduka baadaye akiuliza kama chakula kimekwisha. Walijaliwa binti mmoja, mwaka 2014.

Mwaka 2023 vipimo vilionyesha kuwa mama na mwana wana ugonjwa mmoja wa kurithi: ute mzito unaoziba mapafu. Hospitali ilikuwa inajaribu dawa ya kuvuta kama mvuke. Ndani yake mna vifuko vya mafuta, vidogo hivi kwamba mamia yake huenea kwenye unene wa unywele, na kila kimoja kimebeba nakala nzima ya jeni, ile chembe ya urithi, ambayo mwili umezaliwa nayo ikiwa na kasoro. Watoto wangeingizwa kwenye jaribio tu iwapo dawa ingefika mapafuni mwa watu wazima wote sita, Kishindo akiwemo. Watano ilifika. Kwa Kishindo, mara tatu, haikufika. Akabakiwa na nafasi moja.

Muuguzi wa kifua akakaa kumtazama akivuta.

"Dada, mbona unapiga chafya?"

"Sipigi chafya. Ndivyo ninavyopumua."

"Nani kakufundisha?"

"Mimi!" mjomba akadakia, kifua mbele. "Mabingwa watatu wamepita mikononi mwangu."

"Basi, bwana bingwa, dawa yote anaipuliza nje, iko ukutani. Inatakiwa avute polepole, aishike, ahesabu kumi."

Kishindo aligeuka. "Anko. Mwanangu."

Ngumi ilifika kabla mjomba hajajitetea, ikamvunja mbavu mbili. Akiwa sakafuni, mjomba alikiri kwamba ilikuwa ngumi safi.

Lakini mwili ulikataa kujifunza upya. Mikono ikicheza tu, pumzi inafyatuka. Ndipo Kishindo alipoamuru afungwe ngumi kwa bendeji kwenye mikono ya kiti. Wiki tatu mjomba alimfunga, naye akapigana na bendeji, akatukana, akauma, akavunja kiti kimoja, akaanza tena. Tarehe 4 Aprili mwaka huu alivuta dozi ya nne, akaishika, akahesabu hadi kumi na mbili kwa ujeuri tu. Vipimo vilisema imefika.

Kwake ilikuwa imechelewa. Mapafu yalishaliwa na makovu. Alhamisi tarehe 5 Juni 2025 mshipa ulipasuka kifuani. Alitapika damu kwa saa nzima, akiwasukuma waliotaka kumlaza, akitaka kukaa wima. Muuguzi alimwinamia sikioni: "Mtoto anaanza Jumatatu." Kishindo akaacha kupigana. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi.

Ameacha mume, binti wa miaka kumi na mmoja, na mjomba mmoja. Binti alianza Jumatatu kama alivyoahidiwa. Aliyemfundisha kuvuta ni muuguzi. Mjomba aliambiwa angoje nje, akangoja.

Mungu ampumzishe kwa amani, na huko aliko asitokee mtu wa kumchokoza.