Mshono wa Bega

FUNDI: Haloo? Ni nani? Unakatika.

KAKA: Ni kaka yako. Hata salamu hakuna?

FUNDI: Shikamoo, kaka. Subiri nisimamishe cherehani… Haya.

KAKA: Marahaba. Sasa, hilo la mwanao kumbana binti wa watu darasani. Kesho kwenye kikao cha shule nitaongea mimi. Tunasema ni marafiki, walikuwa wanataniana. Basi.

FUNDI: Hatusemi hivyo.

KAKA: Watamfukuza! Unataka mtoto—

FUNDI: Sare ya yule binti niliishona mimi. Bega nililipigia mshono mara mbili. Leo mama yake ameniletea, limechanika mpaka kwapani. Mshono ule hauachii kwa utani, kaka.

KAKA: Damu ya ujana hiyo.

FUNDI: Wangapi wanayo na hawajamkamata mtu? Nimekaa naye tangu asubuhi, namuuliza polepole. Binti aliposema "niache," hukusikia? Akasema alisikia. Ila kwenye video wote huanza hivyo, halafu wanakubali.

KAKA: Video zipi tena?

FUNDI: Zile.

KAKA: Aah! Vijana wote wanatazama siku hizi. Wote wamekuwa—

FUNDI: Sijasema wote. Nasema wangu. Miaka miwili zinamfundisha, na mimi chumba cha pili nashona, najisifu mtoto katulia.

(mkwaruzo)

KAKA: …haloo? Amezitoa wapi?

FUNDI: Kwenye simu uliyompa.

KAKA: Ile yangu ya zam—

FUNDI: Ndiyo.

KAKA: Nilifuta.

FUNDI: Hukufuta.

KAKA: Dada, sikiliza. Wifi yako akijua… Ivunje. Itupe chooni.

FUNDI: Iko mkobani, pamoja na sare. Kesho naenda navyo.

KAKA: Utaniumbua!

FUNDI: Mwanangu ataomba radhi kwa mdomo wake, na adhabu ataibeba. Nitakaa pembeni yake. Wewe ukija, useme simu ilikuwa ya nani.

KAKA: Nisipokuja?

FUNDI: Nitaulizwa. Nitajibu.

KAKA: Unamchoma mwanao mwenyewe, jamani!

FUNDI: Yule mama alikaa hapa kwenye benchi langu, sare mapajani. Hakunitukana. Bora angenitukana.

KAKA: (anavuta pumzi) Salio linaisha. Hicho kikao… saa ngapi?

FUNDI: Saa mbili kamili. Uje, usije, mimi nita—

(simu imekatika)