Restituta Kapinga, Mfunga Minyororo wa Mbinga

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Mbinga mjini, Kitai, Litumbandyosi, na huko chini ziwani Ngumbo, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Mama Restituta Kapinga, tuliyemzika Jumamosi akiwa na miaka sitini. Wengi mlimjua kama yule mama aliyekuwa akifunga magari minyororo. Ndiye huyo huyo.

Ilikuwa mwaka 1999. Soko huria limeingia, ushirika umelegea, bei ya kahawa haishikiki. Restituta alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Beata. Wakala mmoja binafsi alikuwa amepewa kusimamia maegesho ya mjini, Restituta akaomba kazi kwake. Gari lisilolipa ushuru liliachiwa karatasi ya deni kwenye kioo. Karatasi zikifika tano, tairi linafungwa mnyororo. Ufunguo wa kufuli ulibaki ofisini. Bila risiti, hautoki.

"Mama alikuwa mwoga," anasema Beata. "Asubuhi chai haipiti. Madereva walimtukana, mmoja alimnyanyulia spana. Lakini alikwenda."

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, mvua ilikuwa imetoka kukatika. Landrova ya samaki kutoka Ngumbo ilisimama kwenye mteremko, mbele ya duka la Bi Asia. Ilikuwa na karatasi saba. Restituta akalala ubavu kwenye tope, upande wa nyuma kushoto, akapitisha mnyororo kwenye tairi na springi. Akabana kufuli.

Hapo hapo akasikia mlango wa upande wa pili ukifungwa. Injini ikanguruma.

Alitaka kupiga kelele. Sauti haikutoka. Gari likasogea, tairi likazunguka kidogo, mnyororo ukaubana mkono wake kwenye chuma.

Bi Asia aliona miguu chini ya gari. Akaruka mbele ya boneti, mikono juu. "Simama! Kuna mtu!"

Dereva, kijana Urbani, akakanyaga breki. Gari likasimama. Lakini breki ya mkono ilikuwa imekufa, wasikilizaji. Imekufa kabisa. Watu wakaweka mawe mbele ya tairi, mawe yakateleza kwenye tope. Gari likisogea tena, hata kidogo, mkono unakwenda. Kilichobaki ni mguu wa Urbani kwenye breki.

Bi Asia akakimbilia ofisini kwa wakala. Mezani alikuwapo karani, Wilfred.

"Ufunguo wa Landrova, haraka!"

"Risiti iko wapi, dada?"

"Risiti? Mama Beata yuko chini ya gari!"

"Siwezi. Utaratibu ni risiti."

Bi Asia akaivuta droo, akaimwaga sakafuni, akazoa funguo zote kwenye khanga.

Kule chini, Restituta alinusa dizeli na samaki. Aliona tairi, basi. Akasikia kijana analia.

"Mama, mguu unakufa ganzi."

"Usiutoe, mwanangu. Niambie, kwenu mko wangapi?"

"Sita."

"Nitajie. Taratibu."

Urbani akawataja. Kilian. Tadea. Cuthbert. Akimaliza, mama anamwambia aanze upya. "Nilitaja ndugu zangu mara nne," Urbani alituambia juzi. "Yeye ndiye aliyekuwa chini ya gari, na yeye ndiye aliyekuwa ananibembeleza."

Bi Asia alirudi, akapiga magoti kwenye tope. Ufunguo wa kwanza, hapana. Wa pili, hapana. Funguo zinadondoka, anaziokota. Wa sita ukazunguka. Watu wakamvuta Restituta kwa miguu, na Urbani alipoachia breki, Landrova ikaserereka hadi kwenye mtaro.

Mfupa wa mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili. Baada ya miezi mitatu alirudi kazini, kwa sababu Beata alikuwa anasoma. Akamwambia wakala, "Siinami tena kama ufunguo sinao mimi." Akapewa. Tangu siku hiyo, kabla ya kuinama, aligonga boneti na kupaza sauti: "Kuna mtu chini!" Watu walicheka. Hakujali. Woga haukumtoka, na hakuwahi kusema umemtoka.

Jumamosi Urbani alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Kwako Beata, kwa wajukuu, na kwa ukoo wote wa Kapinga: poleni sana. Bwana amwangazie mwanga wa milele.

Nasi tuliobaki tujiulize, ni mara ngapi tumetanguliza karatasi, mtu yuko chini anasubiri? Na wewe dereva unayenisikiliza ukiwa umeegesha: usiwashe kwanza. Shuka. Zunguka gari. Inama uangalie.