Chuma Ndani ya Mlango

Sogeeni hapa, wanangu, na wewe kifunguamimba weka simu chini, kwa maana maneno niliyo nayo ni mengi na pumzi ni chache, na sehemu kubwa ya pumzi hiyo nimeiweka akiba nikugombeze wewe.

Jana mliponitoa hospitali mlinipakia kwenye gari letu, lile dogo nililolichora mimi na marehemu baba yenu akalichongea mfano wa mbao, ambalo keshokutwa mnataka lianze kuuzwa. Ngozi ya viti ni laini, sikatai. Dashibodi inang'aa. Lakini mlango ulipofungwa ulilia kwaa, kama kifuniko cha sufuria, nikajua. Nikakuuliza, "Mwanangu, kile chuma cha ubavuni kiko wapi?" Nawe bila haya ukanijibu, "Mama, mnunuzi haoni ndani ya mlango."

Haoni! Na mbavu zake je, nazo hazitaona? Gari kubwa lina mwili wa kumkinga mtu. Dogo halina kitu ila chuma hicho, ndicho kinachosimama kati ya abiria na basi lililokatika breki. Mimi na baba yenu tulikaa ndani ya ule mfano wa mbao, magoti yakitugusa kidevu, tukisogeza kiti kwa upana wa kidole, ili chuma kipate mahali pake na mtu asibanwe. Ami yenu alitucheka mbele za watu, akaliita kibiriti, akasema tajiri hanunui gari la kuvaa kama kiatu. Sijamsamehe mpaka leo, na sina haraka. Nilimwambia heshima ya mtu haipimwi kwa urefu wa boneti. Mtu wa mjini anataka apenye kichochoroni huku ameketi kama mfalme. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na wewe umechukua kizuri changu ukakipaka poda usoni, kumbe ndani kitupu.

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, nami nilikuchelea mno. Leo sikuchelei.

Shikeni haya. Nyumba hii ni yenu sawa kwa sawa, msiigombanie majirani wakapata la kusema. Karakana na michoro yote namwachia dada yako, kwa kuwa alikataa kutia sahihi chuma kiondolewe, ukamwita mwoga. Nawe binti, usijitie kutikisa kichwa. Ulijua ukaninyamazia, eti presha isinipande. Imepanda. Gari hata moja lisitoke getini mpaka kila mlango ufumuliwe na chuma kirudi.

Nipeni maji kidogo... Basi, yatosha.

Kifunguamimba, usiniangalie hivyo. Najua unachokitaka. Radhi ninayo, nilikuzaa mimi, wala sitakulaani, lakini leo sikupi mkononi. Namwachia dada yako. Siku atakayompandisha mwanawe kiti cha nyuma cha gari hilo, akafunga mlango bila kusita, ndipo atakwambia: mama amekuridhia. Kabla ya siku hiyo, ukija kaburini kwangu, toa salamu upite.

Mungu awafungulie njia... awape watoto wenye masikio kuliko... ah. Nishikeni mkono. Binti, huku. Na wewe pia, mjinga wewe... sogea. Nimesema sogea.