Turbo ya Tadei

Kijiwe cha Majengo kina benchi moja, birika la kahawa la Bakili na wajuzi wasiokwisha. Asubuhi ile Tadei alikwenda kukaa pale kwa sababu nyumbani hapakukalika. Kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo alichokinunua baada ya kuuza shamba la Madaba, kilikuwa kimelala gereji, turbo imekufa, na mkewe Kunegunda alikuwa hamsemeshi. Kahawa ilikuwa chungu kuliko siku zote.

— CC mia sita na sitini! — alianza Muhsini, aitwaye Injinia kwa kuwa aliwahi kuosha magari. — Hiyo ni injini au kikombe?

— CC ni mafuta linayokula gari kwa kilomita, — alisema Kajetani, yaani Profesa. — Ndiyo maana nilimshauri achukue ndogo.

— Siyo mafuta, — Tadei alisema. — Fundi kanieleza. Ni nafasi ndani ya silinda, pale pistoni zinapopanda na kushuka. Nafasi ndogo, hewa kidogo, nguvu kidogo. Turbo ni feni. Moshi unaotoka unaizungusha, nayo inashindilia hewa ndani, injini ndogo inapanda mlima kama kubwa.

— Moshi uzungushe feni? Acha zako! — alidakia Valence, wanayemwita Redio. — Basi jiko la mke wangu lingeshapaa!

— Tatizo ni hewa, — Injinia akasema. — Turbo imezoea hewa ya Japani. Hii ya kwetu nzito, imepaliwa.

— Wapi! — alisema Profesa. — Wajapani wameitegea saa. Inahesabu milima. Ikitosha, inajiua.

— Mnazunguka tu, — alisema Redio. — Turbo ni pumzi. Kauza shamba la marehemu baba yake bila kuaga makaburi. Mzee kaikata pumzi.

Wakacheka, Profesa mpaka akamwaga kahawa. Tadei hakucheka. Aliwachukia wote watatu.

Ndipo akaja Mwanahawa, muuza maharage, kutafuta usafiri.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Kaka Tadei, kesho utanipeleka Madaba?

— Gari limekufa, dada. Nikimaliza mlima nilikuwa nazima injini, nashuka bure, nabana mafuta. Kumbe turbo inakuwa ya moto mno. Ukizima ghafla oili haizunguki tena, inaungulia mle mle. Ilitaka niiache ingurume taratibu kwanza, ipoe.

— Pole jamani. Sasa nani alikufundisha kuzima?

Redio akatoa simu isiyolia. Profesa akafuta suruali palipomwagikia kahawa. Walimfundisha wao, wamekaa hapo hapo, na siku aliporudi kutoka Njombe bila kuongeza mafuta walimpigia makofi.

Tadei aliwatazama mmoja mmoja. Hakutaka gari wala pole yao. Alitaka mtu mmoja tu aseme, "Ni mimi."

— Bakili, — Injinia alisema, akinyoosha kikombe, — tuongezee.

Bakili akainamisha birika mpaka mwisho.

— Imekwisha.