Utando Kifuani kwa Fundi Mpira

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fundi Mpira, alizaliwa Jumanne tarehe 4 Machi 1958, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake mshona viatu. Alisoma shule ya mtaani hapo, akahitimu chuo kikuu mwaka 1983, akaajiriwa katika maabara ya plastiki, ambako hadi anastaafu alishughulika na jambo moja, utando mwembamba wa mpira ambao ukitiwa umeme hutanuka, na ukivutwa hutoa umeme, naye hakuchoka kutafuta namna ya kuukaza ili nguvu isipotee njiani, hata wenzake wakamtania kwamba anaukanda kuliko mwoka mikate.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na mshonaji wa mashuka ya hospitali, wakajaliwa mabinti wawili, mkubwa ni mwalimu, mdogo alirithi meza yake maabarani.

Mapafu yalianza kumsumbua Juni mwaka jana. Akiuguzwa nyumbani, aliomba utando wake ufungwe kifuani, kila alipopumua ukatoa umeme, na mashine ndogo ikahifadhi mwendo wa pumzi zake. Binti mdogo ndiye aliyeunga nyaya, na ndiye aliyesahau kwamba mashine ile, isipopokea umeme, hugeuza kazi na kuurudishia utando umeme kwa mwendo iliouhifadhi.

Aliaga dunia Alhamisi iliyopita, saa tisa alasiri. Daktari alipima mara mbili, akathibitisha, lakini shuka liliendelea kupanda na kushuka, pamoja na ule mkwamo mdogo wa pumzi ambao mkewe aliuzoea tangu ujana wao, na jirani mmoja aliyeingia akamwamkia marehemu, akakaa akingoja aitikiwe. Binti mdogo aliponyoosha mkono kwenye swichi, mama yake aliushika.

“Mwache baba yako apumue, mwanangu. Utamzima wewe?”

Binti akaurudisha mkono.

Asubuhi iliyofuata, mama akiwa amesinzia kitini, binti alizima mashine, akagusanisha nyaya ili umeme uliobaki uishe, utando ukatulia, kisha ukapanda mara moja tena, taratibu, ukashuka. Wenzake marehemu maabarani wametueleza kwamba mpira uliovutwa muda mrefu hurudi polepole, na familia imeyapokea maelezo hayo. Binti aliufungua utando, akamfunika baba yake, akamwamsha mama, akamwambia baba amefariki.

Tunawashukuru daktari, wauguzi, wafanyakazi wenzake, na majirani waliokaa nasi chumbani mchana ule bila kukimbia.

Fundi, kazi imekwisha. Sasa pumzika, kwa amani.