Nani Ataliweka Wakfu Kaburi la Permelia

Benchi letu liko nje ya karakana ya mume wangu Heber, fundi wa kwato za farasi, hapa bondeni chini ya milima ya Wasatch, na mimi Zina ndiye mpika kinywaji. Kanisa letu linatukataza kahawa, kwa hiyo sisi tunaiita shayiri. Kila mtu anajua kilichomo birikani na hakuna anayeuliza. Heber tunamwita Nyundo. Wa pili ni Wakili, seremala ambaye hajafungua kitabu cha sheria tangu azaliwe, lakini hakuna jambo asilolitolea hukumu. Wa tatu ni Alma Lusk, tunamwita Mwana Mfalme, kwa sababu marehemu baba yake alivuka nyika kuja huku na magari sita, ng'ombe, na watu weusi aliowanunua Mississippi. Jumamosi ile asubuhi walikuwa na mgeni, Jens, mtengeneza jibini kutoka Denmaki, ana miezi mitano tu tangu abatizwe. Akapiga funda moja, akakunja uso.

— Mbona hii ni kahawa?

— Shayiri, akasema Nyundo.

— Lakini mimi kahawa naijua...

— Shayiri, ndugu! Kunywa.

Hapo ndipo gari la Tobias lilipokuja likasimama mbele yetu. Tobias naye ni Lusk. Jina hilo alilipata kama ng'ombe anavyopata chapa. Nyuma ya gari kulikuwa na jeneza la mkewe, Permelia. Wanaume wakavua kofia, hilo siwanyimi.

— Pole sana, Tobi, akasema Nyundo.

Huku kwetu kila mtu ni Ndugu Fulani. Tobias ana mvi kuliko wote pale, na bado ni Tobi.

— Nimeshapoa. Askofu yuko kitandani na homa. Ametuma neno kwamba Alma ndiye ataliweka kaburi wakfu.

— Nimeambiwa, akasema Alma, akijifuta masharubu. Niko tayari kabisa. Permelia alikuwa mtu wa nyumbani kwetu.

— Simtaki.

Nilikuwa namimina. Nikaacha.

— Unasemaje wewe? Alma akauliza.

— Nimesema sikutaki. Baba yako alimchukua mdogo wake Permelia, akambadilisha kwa nyumbu wawili na msafara uliokuwa unakwenda California. Permelia alikuwa amemshika gauni. Jambo hilo amelilia mpaka wiki iliyopita. Mtu wa nyumba ile hatasimama juu ya kaburi lake.

— Mimi nilikuwa mtoto!

— Najua. Na yeye alikuwa mtoto.

Alma akawa mwekundu mpaka masikioni. Tobias akawageukia wengine.

— Nilimwomba askofu niliweke wakfu mwenyewe. Kasema kusali naruhusiwa, ila kuweka wakfu mpaka mwenye ukuhani, na mtu mweusi hapewi. Haya, nyinyi mnao. Permelia aliniambia, "Tobias, maisha yangu yote nimehamishwa na watu. Pale nitakapolala pawekwe wakfu, nilindwe mpaka ufufuo, asije mtu akanihamisha tena." Nilimwahidi. Binti zangu wako makaburini wanasubiri. Nani anakuja?

Jamani, lilikuwa jambo la kujibu "mimi" na kupanda gari. Lakini Nyundo akatazama viatu vyake, na Wakili akakohoa, nami nikajua visingizio vinakuja.

— Tobi, neno la askofu ni neno la askofu, akasema Wakili. Kamchagua Alma. Sisi tukijipeleka, tutakuwa tumempinga.

— Basi niacheni mimi nifanye.

— Hilo ndilo haliwezekani kabisa! Si sisi tuliopanga. Ngozi hiyo ni alama ya Kaini. Viongozi wetu walisema tangu mwanzo, na barazani walisimama wakasema hata utumwa ni agizo la Mungu. Wakatunga na sheria yake.

— Hiyo sheria naijua, akasema Tobias. Ilinikuta nakamua ng'ombe wa baba yake Alma.

— Siyo Kaini peke yake, akadakia Nyundo, akafurahi kupata pa kushika. Gharika si iliwafuta wote? Damu ile ilipenya kwa mke wa Hamu. Ndiye aliyeiingiza safinani.

— Aliificha wapi, kwenye furushi? nikamuuliza.

— Zina!

— Nauliza tu. Safina yenyewe ilikuwa na mlango mmoja.

— Nyote hamjui, akasema Alma, sasa amepata nguvu. Ni mambo ya kabla ya kuzaliwa. Kule mbinguni kulikuwa na vita. Kuna waliopigana, na kuna waliokaa pembeni wakitazama. Waliokaa pembeni ndio wakazaliwa weusi.

— Waliokaa pembeni wakitazama, nikasema.

— Ndiyo.

— Kwenye benchi?

Wakili akasogea mbele, macho yamemtoka.

— Na Kaini mwenyewe hajafa! Shemeji yangu kamwona kule korongoni, mrefu kuliko farasi na mpanda farasi, kajaa manyoya mwili mzima. Alimuuliza jina, akamtajia!

— Kwa Kiingereza? akauliza Jens.

— Mtu wa miaka elfu sita atashindwa kujifunza Kiingereza?

Nikalitua birika chini.

— Na yule seremala mweusi wa kule mjini, je? nikasema. Si alipewa ukuhani na wazee wa kwanza kabisa wa kanisa, akafa nao? Kaini alikuwa bado hajazaliwa siku hiyo?

Nyundo akanitazama kwa jicho la tutaonana nyumbani.

— Yule... walipitiwa tu, akasema Wakili.

— Nani alipitiwa? Wazee au Mungu?

— Dada Zina, hebu mimina kahawa.

— Shayiri, nikamwambia.

Wakati wote huo Tobias alikuwa amesimama, mkono mmoja juu ya jeneza, anafukuza nzi kwa kofia. Hakupaza sauti hata mara moja. Jens akaweka kikombe chini. Kiingereza chake ni cha kuokoteza, kwa hiyo alisema polepole.

— Mimi ukuhani nilipewa mwezi uliopita. Hamkuniuliza babu zangu. Babu yangu alikuwa mwizi wa kondoo. Huyu Ndugu Lusk alibatizwa lini?

Alma akageuka, akidhani anaitwa yeye. Akaona macho ya Jens yalipo, akarudisha shingo.

— Zamani, akasema Nyundo. Sisi tulikuwa hatujazaliwa.

— Sasa yeye amefanya nini?

— Si tumekwambia, Kaini alimuua...

— Sijauliza habari za Kaini. Huyu hapa. Amefanya nini?

Nikasikia nyumbu wa Tobias anatafuna lijamu. Nyundo alifungua mdomo, akaufunga. Wakili, ambaye hukumu hazimwishii, alitazama ndani ya kikombe chake. Alma aliinuka, akakaa tena. Nikawangoja. Haki ya Mungu, niliwangoja, nikitamani hata uongo mmoja mpya.

— Wewe unao ukuhani, Tobias akamwambia Jens. Twende wewe.

— Siyajui maneno. Maneno ya kuweka wakfu, kwa Kiingereza, sijafundishwa.

— Mimi nayajua. Nimesimama kwenye mazishi mengi nikiyasikia. Nitakunong'oneza moja moja, na wewe utasema.

— Nisiyoyaelewa?

— Yaseme tu. Mimi nayaelewa.

Jens akapanda gari, akakaa kando ya jeneza. Tobias akamshika nyumbu lijamu akaanza kutembea, na hakuna mtu wa benchi aliyenyanyuka. Gari lilipopita kona, Nyundo akavaa kofia yake, akaninyooshea kikombe.

— Zina, ongeza.

— Imekwisha.

— Imekwisha vipi? Naisikia inacheza humo ndani.

— Nimesema imekwisha.

Birika lilikuwa zito, karibu limejaa. Nikalifunga kitambaa lisipoe, nikachukua vikombe kwa ajili ya binti za Tobias, nikashika njia ya makaburini.