Picha ya Mama Mwenye Uso wa Buluu

Kwenye basi la kwenda mji wa Ibra, msichana aliyejitaja Rawya alimfunulia bibi wa kiti cha pili picha.

"Mama yangu. Kachorwa na Myahudi mmoja aliyekimbilia kwetu Bujumbura, picha zake zote zilipochomwa Ulaya. Hatuna nyengine ya mama. Kaka hataki ukutani, ati malaika hawaingii penye sura ya mtu."

Bibi akavaa miwani. "Uso buluu, jicho shavuni! Sura iko wapi, mwanangu? Mwambie huyu si mtu."

"Wallahi ndiye! Akikasirika shingo ilikuwa hivi hivi. Yule mzee hakuchora uso, alichora hasira."

Nilichungulia kutoka kiti cha nyuma yao. Shingo ilikasirika kweli.

"Basi kama ndiye," bibi akasema, "kaka yako kasema haki."

"Kwa hivyo ili nimtundike mama, nimkane?"

Basi likasimama. Kaka yake alikuwa mlangoni, anampokea mizigo; picha bado iko wazi mikononi mwa Rawya.